Stakabadhi ya Akili Unde

Wanafunzi wenzangu, siku insha yako ikisahihishwa na akili unde, utajuaje alama hazikuguswa baadaye? Dai stakabadhi! Programu, insha na alama hupitishwa kwa kanuni iitwayo SHA-256, ukapewa muhuri wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilishwa hata nukta moja, muhuri hautalingana na ulio nao wewe.

Lakini muhuri hausemi kama hesabu ilikuwa sahihi. Akili unde huzidisha majedwali makubwa ya namba. Freivalds wa Latvia alionyesha mwaka 1977 vile utakagua kuzidisha huko kwa namba za kubahatisha, bila kurudia kazi yote. Ukikagua mara 10, nafasi ya kosa kuponyoka haizidi 1 kwa 1024.

Na programu yenye upendeleo? Hiyo hupata stakabadhi safi kabisa.