Umenunua Motokaa Kubwa Iliyotumika? Ikague Kwanza

Mkulima akinunua Range Rover iliyokwisha kwenda kilomita 200,000, asidhani kazi imekwisha. Ng'ombe wa mnadani huchunguzwa kwanza, ndipo huingizwa zizini. Motokaa nayo ni vivyo hivyo.

Kwanza, oili. Usitegemee maneno ya muuzaji. Mwaga oili ya injini, utie mpya na chujio jipya. Ukiona ile ya zamani ina rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia. Usiwashe injini mpaka fundi aione.

Pili, maji ya rejeta. Yatazame asubuhi, injini ikiwa baridi. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, utaungua. Maji yakipungua kila siku, yanavuja. Injini ikichemka, simama mara moja, usije ukaiharibu kabisa.

Tatu, mifuko ya hewa. Range Rover nyingi hukaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Upande mmoja ukilala usiku, hewa inavuja. Tengeneza mapema, kabla pampu haijaungua kwa kazi nyingi.

Nne, tairi. Tazama tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu yaweza kupasuka hata ikiwa na meno mazuri.

Mwisho, andika kila tengenezo katika daftari, pamoja na tarehe na kilomita. Weka akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza. Injini ikifa, ni shamba litakalolipa.