Uvimbe Kidoleni: Usikimbilie Pini

Msomaji, kidole cha mguu kikivimba na kuuma, kitazame kwanza. Uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati ni funza, ambaye huishi katika vumbi na sakafu za udongo. Uvimbe ulio kando ya ukucha huenda ni ukucha ulioota ndani ya nyama. Kidole gumba kikiwaka moto ghafla usiku, huenda ni jongo, yaani gauti.

Usichokonoe. Pini chafu huingiza pepopunda. Ya kuazimana yaweza kupitisha homa ya ini. Mafuta ya dimetikoni huua funza bila kumchimba. Wekundu ukipanda mguuni, au ukiwa na kisukari, nenda Hospitali ya Moi, Voi, siku hiyo hiyo.

Vaa viatu, na nyunyiza sakafu maji kabla ya kufagia.