SOMO: MTU MWENYE SURA MBILI KATIKATI YA KUNDI

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 15:1-12, Matayo 7:15-20, 3 Yoane 9-11.

Leo tunajifunza namna ya kumtambua mtu anayetumia wenzake kama vyombo. Mtu huyu haji na panga mkononi. Anakuja na Biblia, na zawadi, na maneno matamu.

1. Waganga wanasema nini?

Mwaka 1941 munganga Hervey Cleckley wa Marekani aliandika juu ya watu wanaoonekana wazima kabisa, lakini ndani hawana majuto wala upendo. Baadaye Robert Hare wa Kanada alipanga alama 20 za kuwapima. Kati yao: maneno matamu, kujiona mkubwa, uongo wa kila mara, kukosa huruma, kukataa kosa. Hao wanaitwa saikopati. Wengine wanaitwa wanarsisi, kwa jina la Narcissus, kijana wa hadithi ya Wagiriki aliyependa sura yake mwenyewe katika maji. Huyu anataka kusifiwa kila siku. Ukimkosoa kidogo, anawaka kama petroli.

2. Absaloma penye mlango wa mji

Absaloma aliamka mapema, akasimama njiani. Kila mwenye shauri alimwambia kwamba ana haki, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Aliwabusu watu. Kisha akasingizia nadhiri kwa Mungu ili aende Hebroni kufanya uasi. Watu 200 walimfuata pasipo kujua neno lolote. Tuone: alisifu, alitenganisha watu na baba yao, akajificha nyuma ya sala.

3. Alama za kuangalia

a) Mbele ya wakubwa ni mpole, nyumbani mke na watoto wanatetemeka.
b) Anaomba feza kwa siri, na hataki hesabu.
c) Kosa lake ni la mwingine sikuzote. Akilia, analilia nafsi yake.
d) Anakutenga na jamaa na wazee wako.
e) Anatisha: ukimwuliza, anasema unapinga Roho, ao anaita mtoto wako mchawi. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi.

Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kikundi kimoja walifundisha kwamba dunia itaisha pamoja na mwaka 1999. Waamini waliuza mali, wakawapa. Siku ilipopita, walianza kuuliza. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto ndani ya nyumba ya sala.

Lakini Papa Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, kisha akafungwa miaka 30, hata kufa katika gereza la Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Mchungaji wa kweli anabeba mateso kwa ajili ya kundi. Wa uongo anabebesha kundi mateso.

4. Tusihukumu haraka

Hasira ya siku moja si alama. Mwenye kiburi si lazima awe mgonjwa. Tutazame mwenendo wa miaka, nyumbani, kazini na kanisani. Jina la ugonjwa linatolewa na munganga aliyejifunza, si sisi. Somo hili lisiwe fimbo ya kumpiga jirani.

5. Tufanye nini?

Usibishane naye peke yako. Uende na mtu mmoja ao wawili pamoja nawe, kama Matayo 18 inavyofundisha. Feza za kanisa zihesabiwe na watu watatu, ziandikwe. Binti anayechumbiwa aulize kwanza habari za kijana kwa wale wasiohitaji kupendezwa naye. Mama anayepigwa apelekwe mahali pa usalama kwanza, maombi yatafuata. Na kusamehe si kumrudishia mwizi ufunguo wa sanduku. Daudi alimlilia Absaloma kwa uchungu, lakini jeshi lake lilikuwa limekwisha kumzuia. Upendo na ulinzi vinakwenda pamoja.

Maulizo ya kuzungumza katika vikundi:
- Kwa nini wale 200 hawakujua?
- Katika parokia yetu, nani anahesabu feza, na nani anamwangalia?
- Nani kati yetu anaogopa kusema nyumbani kwake? Tumsikilize.

Bwana atupe macho ya kuona na moyo usio na chuki. Amina.