Pedi Isiyo na Stiki: Mafunzo Niliyopata Lamadi

Wachezaji wa Tekken na Street Fighter hapa Lamadi wengi wamekulia kwenye pedi za PS. Mimi nimehamia pedi isiyo na stiki: mbele, nyuma na kuchuchumaa ni vitufe, na kuruka ni dole gumba. Anayetaka kununua ya kwake namwambia haya.

1. Anza na kibodi. Kwenye kompyuta, A iwe kushoto, S chini, D kulia, spesi kuruka. Mchukue Ryu wa Street Fighter akiwa ametazama kulia, umrushishe hadouken: bonyeza S na uishikilie, ongeza D, achia S, hapohapo piga ngumi. Fanya polepole mpaka vidole vizoee, ndipo uongeze kasi. Kibodi za bei ya chini hugoma ukibonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja. Hilo lisikukatishe tamaa.

2. Usinunue kwa kudhani pedi ya kawaida ni ya wanaojifunza. Mfaransa Luffy alitwaa ubingwa wa Evo 2014, Ultra Street Fighter IV, kwa pedi ya PlayStation ya kwanza. Mimi nilihama kwa sababu ya dole gumba lililokuwa likiuma, na kwangu hiyo ni sababu tosha.

3. Ijue mashine utakayochezea. Kompyuta haina makuu. PS4 ni kali: pedi isiyotambuliwa na mfumo wa Sony hukatika baada ya dakika 8, hata kama uko raundi ya mwisho. Muulize muuzaji kama pedi yake inatambuliwa na PS4 kabla ya kuuliza rangi.

4. Ukiwaza mashindano, soma kanuni. Tangu 2023 Capcom, watengenezaji wa Street Fighter, haikubali ukibonyeza kushoto na kulia pamoja, upande mmoja uushinde mwingine.

5. Chagua inayofunguka. Vumbi la barabara ya Mwanza–Musoma huingia kila mahali, na kitufe kikianza kukwama unahitaji swichi inayochomoka kwa mkono. Napenda zinazotumia Raspberry Pi Pico, kibao kilichotoka 2021 kwa dola 4, pamoja na programu ya bure ya GP2040-CE. Nyaya zake fundi simu anaziunga, na kasha seremala anakuchongea kwa vipimo vya mkono wako. Ukiagiza, agiza na swichi za akiba humohumo, maana kuzifuata baadaye ni kusubiri mzigo mwingine upya.