Piramidi Kubwa na Watu Walioijenga

Msafiri afikaye Cairo, mji mkuu wa Misri, hakosi kwenda Giza, ng'ambo ya mto wa Nile, kuitazama Piramidi Kubwa. Ni kaburi la Mfalme Khufu, lililojengwa yapata miaka 4,500 iliyopita. Mawe yake yakadiriwa kuwa 2,300,000, na lilipokwisha kujengwa kimo chake kilikuwa kama mita 146.

Wengi waionapo husema ni kazi ya watumwa. Wengine husema ni ya majitu. Lakini mwaka 1990 makaburi ya wajenzi yalianza kuonekana karibu na hapo, na watumwa wasingalizikwa kwa heshima karibu na mfalme. Tena mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zilipatikana karatasi za mafunjo. Katika hizo msimamizi mmoja, jina lake Merer, aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyochukua mawe ya Tura kwa mashua mpaka Giza.

Basi piramidi yatangaza sifa za mfalme, bali daftari ya Merer imehifadhi habari za wafanya kazi. Msafiri aistaajabiapo, na awakumbuke hao pia.