Usiache Mbachao: Kurejesha Kiini Asilia cha Mfumo Endeshi wa Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kurejesha kiini asilia cha mfumo endeshi wa Linux pale ambapo viini vilivyoundwa na mtumiaji mwenyewe vimeshindwa kufanya kazi. Mfano unatokana na mkasa uliompata mwandishi alipokuwa Lubao, Kaunti ya Kakamega. Hoja yetu ni kwamba urejeshaji huanza kabla ya kosa kutokea: aliyehifadhi kiini cha zamani ana njia ya kurudi.

1.0 Utangulizi

Lubao ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu itokayo mjini Kakamega kuelekea Webuye. Wengi hukijua kwa soko lake la mbwa, ambalo hufanyika kila Ijumaa. Nilikwenda huko kurekodi mazungumzo ya wauzaji na wanunuzi kwa ajili ya tasnifu yangu. Saa 14 za sauti zilikuwa katika kipakatalishi kikuukuu kilichotumia Ubuntu, na sikuwa na nakala nyingine popote.

Kipakatalishi hicho kilikuwa kizito mno. Nilikuwa nimesoma kwamba kiini kikipunguzwa sehemu zisizohitajika, mashine hupata wepesi. Nikaunda kiini changu. Cha kwanza hakikuwaka, cha pili vivyo hivyo. Mara zote mbili nilijinusuru kwa kurudi kwenye kiini cha zamani. Katika jaribio la tatu nafasi katika diski ilikuwa finyu, nami nikafuta viini vyote vya awali. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, na betri, ambayo ilikuwa imechoka siku nyingi, haikunisaidia. Nilipowasha tena, skrini ilionyesha mistari ya Kiingereza kisha ikatulia tuli.

Mwenzangu mmoja alinishauri nifute diski yote na kuanza upya. Laiti ningemsikiliza, utafiti wangu ungepotea. Nilimwendea fundi mmoja wa makamo, naye aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kile kiini cha zamani umekiweka wapi?" Nikamjibu, "Nimekifuta, mzee, ili nipate nafasi." Alitikisa kichwa, akatoa diski mweko mfukoni. Yafuatayo ni mafunzo niliyoyapata siku hiyo na baada yake.

2.0 Kiini ni nini?

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayosimama baina ya programu na mashine yenyewe. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za programu na kinachoagiza diski, skrini na vifaa vingine kupitia viendeshi. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuunda kiini chake.

Katika Ubuntu, kiini ni faili iliyo katika kabrasha la /boot, na jina lake huanza kwa vmlinuz likifuatwa na nambari ya toleo. Huandamana na faili ya initrd, yenye viendeshi vinavyohitajika mwanzoni kabisa, na moduli zilizomo katika /lib/modules. Tarakilishi inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo hapa tutaiita kianzishi, hukipakia kiini katika kumbukumbu.

Jambo la msingi kwa mtafiti ni hili: faili zake binafsi ziko katika /home, mbali na kiini. Kiini kikiharibika, mlango umefungwa, lakini mali iliyomo nyumbani ingali salama.

3.0 Kwa nini kiini kipya hushindwa?

Sababu za kawaida ni hizi:

(a) Muundaji ameacha kiendeshi cha diski au cha mfumo wa faili. Kiini huamka kisha hakioni diski, kikapatwa na kile ambacho wanataaluma hukiita taharuki ya kiini.

(b) Faili ya initrd haikuundwa, au haikukamilika kwa sababu nafasi katika /boot imekwisha.

(c) Kiini kipya kimepewa jina lile lile la toleo la zamani. Moduli mpya hufunika za awali, na viini vyote viwili huvurugika.

(d) Mashine za kisasa zinaweza kukataa kiini kisicho na saini ya kidijitali inayotambulika.

Mkasa wangu wa tatu ulikuwa wa aina ya (b), ila ni umeme, wala si nafasi, ulioniangusha.

4.0 Hatua za urejeshaji

4.1 Kiini cha zamani kingalipo

Hali hii ni nyepesi. Kuunda kiini kipya chenye jina tofauti hakufuti kile cha awali. Viini viwili au zaidi huweza kukaa pamoja.

Kwanza, washa tarakilishi huku umeshikilia kitufe cha Shift, au ubonyeze Esc katika mashine mpya zaidi, hadi orodha ya kianzishi ionekane. Pili, ingia katika chaguo za ziada na uchague toleo la zamani. Tatu, mfumo ukishafunguka, andika uname -r ili uhakikishe ni kiini kipi kinachotumika. Nne, ondoa kiini kibovu: futa faili zake katika /boot na kabrasha lake katika /lib/modules, ukisoma nambari ya toleo mara mbili kabla ya kufuta. Mwisho, andika sudo update-grub ili orodha ya kianzishi isahihishwe.

4.2 Kiini cha zamani kimefutwa

Hii ndiyo hali iliyonifika. Tarakilishi huwashwa kwa diski mweko yenye Ubuntu, na mtumiaji huchagua kuujaribu mfumo bila kuusakinisha. Kazi ya kwanza hapa ni kunakili faili zako kwenye diski nyingine. Fundi wangu hakugusa kitu kingine chochote kabla sauti zote hazijanakiliwa.

Baada ya hapo, sehemu ya diski yenye mfumo wako hupachikwa katika /mnt. Kama /boot ina sehemu yake ya pekee, nayo hupachikwa mahali pake. Kisha makabrasha ya /dev, /proc na /sys huunganishwa humo, na amri ya sudo chroot /mnt hukuingiza katika mfumo wako mwenyewe, kama mtu aliyepitia dirishani baada ya kupoteza ufunguo.

Wengi hukosea katika hatua inayofuata. Ukiwa umefuta faili za kiini kwa mkono, msimamizi wa vifurushi hana habari. Daftari lake bado linasema kiini kipo. Kwa hiyo ukimwambia asakinishe atakujibu kwamba kimekwisha kusakinishwa. Andika kwanza dpkg -l 'linux-image*' ili upate jina kamili la toleo lililokuwapo. Halafu tumia apt install --reinstall ukitaja kifurushi cha linux-image na kile cha linux-modules cha toleo hilo hilo. Mtandao unahitajika. Usakinishaji huu huunda pia faili ya initrd. Malizia kwa update-grub, toka, chomoa diski mweko, uwashe upya.

5.0 Kinga

Anayetaka kuunda kiini azingatie mambo manne. Aanze na usanidi wa kiini kinachofanya kazi, ambao umehifadhiwa katika /boot kwa jina linaloanza na config, badala ya kuanza patupu. Akipe kiini chake kiambishi cha jina ili kisigongane na cha zamani. Ahakikishe kuna nafasi ya kutosha na umeme wa kuaminika. Zaidi ya yote, asifute kiini asilia mpaka kipya kiwe kimewaka na kutumika kwa siku kadhaa.

6.0 Suala la istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, tafsiri za namna hiyo hukaa katika tabaka la juu. Kiini kinaposhindwa, tabaka hilo halionekani kabisa. Ujumbe wa kiini chenyewe hutolewa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, mtumiaji hupoteza lugha yake saa ile ile anapohitaji mno kuelewa.

Fundi wangu alisema keneli, nami hapa nimeandika kiini. Neno la kwanza ni rahisi kwa aliyesoma vitabu vya Kiingereza. La pili linajieleza kwa kila aliyepasua yai au kuvunja kokwa. Sidai kwamba moja lilifute jingine. Ninachodai ni kwamba maelezo ya aina hii yaandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu istilahi hukomaa kwa kutumiwa katika kazi.

7.0 Hitimisho

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Mnunuzi anayetoka Lubao na mtoto wa mbwa hamfukuzi mbwa mzee jioni hiyo hiyo. Humwacha alinde boma hadi mdogo ajue kubweka. Nami viini vyangu vipya sasa hulelewa hivyo, na zile saa 14 za sauti zina nakala tatu.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kurejesha kiini na kusakinisha upya mfumo mzima. Ni ipi iliyo salama zaidi kwa data ya utafiti?
2. Kwa nini amri ya kawaida ya kusakinisha haitoshi iwapo faili za kiini zilifutwa kwa mkono?
3. Linganisha istilahi kiini na keneli kwa kuzingatia vigezo vya uundaji wa istilahi. Toa msimamo wako.