Tairi la Pikipiki: Maana ya Namba Zilizo Ubavuni

Katika miezi ya mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, pikipiki nyingi mkoani Ruvuma huacha kuwa vyombo vya abiria na kuwa vyombo vya mizigo. Mahindi hutolewa shambani kwa magunia, hupitishwa katika njia za udongo hadi barabara kuu, na mengi hatimaye hufika Songea mjini, kwa wafanyabiashara au katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Hicho ndicho kipindi ambacho wenye pikipiki huenda kwa wauza vipuri wakitafuta tairi pana zaidi la nyuma. Jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: tairi kubwa ndilo imara. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumwangusha mtu.

Tuanze na maandishi. Pikipiki nyingi za Boxer na TVS zinazotumika kwa bodaboda hutoka kiwandani zikiwa na tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi; ya pili ni kipenyo cha rimu, nacho pia kwa inchi. Upo uandishi wa namna nyingine, kwa mfano 90/90-17. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, 90 ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 81, na 17 ni rimu ile ile. Baada ya hapo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Alama 50P ina maana kwamba tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba hadi kilo 190, likiwa na upepo unaotakiwa, kwa mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Alama 41P ni kilo 145 tu. Matairi mawili yanayofanana machoni yanaweza kutofautiana kwa kilo 45, na pengine hiyo ndiyo sababu ya moja kuwa na bei nafuu.

Sasa tumfikirie dereva anayevua 3.00-17 na kufunga 110/90-17. Rimu ni ya inchi 17, kwa hiyo tairi litaingia na fundi atasema limekubali. Limeikubali rimu; pikipiki ni jambo jingine. Tairi la awali lina kimo cha milimita 76 hivi, jipya lina milimita 99. Sehemu ya nyuma imeinuka kwa sentimita 2 na zaidi kidogo, ya mbele imebaki palepale. Kwa jicho tofauti hiyo haionekani, lakini shokapu za mbele, ambazo kiwanda kilizilaza kidogo kumwelekea dereva, sasa zimesimama zaidi. Mlalo huo ndio unaolifanya gurudumu la mbele lijinyooshe lenyewe baada ya kugonga jiwe au kupita shimo, kama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali yanavyofuata upande ambao kitanda kinasukumwa. Mlalo ukipungua, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na mwendo ukiongezeka huanza kucheza mikononi.

Kuna hasara nyingine mbili ambazo muuzaji hazitaji. Kipenyo kizima cha gurudumu kimekua kwa karibu asilimia 8, na kwa sababu gia na cheni hazikubadilika, nguvu inayofika ardhini imepungua kwa kiasi kama hicho. Anayepanda milima ya Umatengo kuelekea Mbinga ataitambua hasara hiyo kwa jinsi anavyolazimika kurudi gia ya chini mapema zaidi, na klachi itachakaa kabla ya wakati wake. Breki ya nyuma nayo ni ile ile, lakini sasa inashindana na gurudumu kubwa zaidi, hivyo mguu uleule uliozoea kukanyaga hupata msimamo hafifu. Kwenye mteremko wenye mzigo, hasara hiyo ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Hata upana wenyewe huenda mnunuzi asiupate. Rimu nyembamba iliyotengenezwa kwa tairi la 3.00 hubana kingo za tairi pana, na uso wake, uliokusudiwa kutandaa, huchongoka. Sehemu inayogusa lami pikipiki ikiwa wima inaweza kuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na kwenye kona chombo huchelewa kulala, kisha hulala ghafla. Tazama pia nafasi kati ya tairi na cheni, na kati ya tairi na madigadi. Nafasi inayotosha pikipiki ikiwa tupu huweza kuisha abiria anapopanda, na wakati wa masika tope la njia za vijijini huijaza nafasi hiyo hadi gurudumu kukwama.

Kuhusu tairi la mbele tutasema machache. Likizidi ukubwa, usukani huwa mzito na mvivu kurudi. Na katika pikipiki ambazo mshale wa mwendo huendeshwa na gurudumu hilo, mwendo unaosomeka huwa mdogo kuliko mwendo halisi.

Turudi kwenye gunia, kwa kuwa ndilo lililompeleka dereva dukani. Pikipiki ndogo yenye uzito wa kilo 110 huweka takriban kilo 60 juu ya gurudumu la nyuma. Dereva wa kilo 70 huongeza kama 50. Gunia la kilo 100 likifungwa kwenye keria, nyuma ya ekseli, huweka kilo zake zote hapo na zaidi, kwa sababu linainua sehemu ya mbele. Jumla imepita kilo 210, ilhali tairi sahihi lenye alama 50 linaishia 190. Na hatujaitaja lumbesa. Hapa ndipo hoja ya tairi kubwa inapoonekana kuwa na mantiki: lipo tairi lenye alama 57, linalobeba kilo 230. Lakini spoki, rimu, shokapu na breki hazikubadilishwa pamoja nalo. Tairi limeongezewa uwezo, pikipiki haikuongezewa, na gurudumu la mbele bado limekuwa jepesi mno kushika barabara. Tunashauri gunia ligawanywe safari mbili. Tunafahamu kwamba mafuta ya safari ya pili yana gharama. Ndiyo maana tumeeleza hesabu yenyewe, ili kila mmoja aipime.

Kabla ya kununua, soma ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko cha kiwanda, si ule ulio kwenye tairi kuukuu, maana huenda mmiliki aliyetangulia alishaubadilisha. Tafuta tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililoning'inia juani nje ya duka kwa miaka linaweza kuwa na kashata kamili na mpira uliokwisha kukauka. Kunja ubavu kidogo utazame kama una nyufa.

Abiria naye ni mlaji, na anayo haki ya kutazama tairi kabla ya kupanda. Likiwa kipara, au likigusa madigadi dereva anapokaa, ita pikipiki nyingine.

Mwisho, dai risiti, na hakikisha ukubwa, alama ya mzigo na jina la tairi vimeandikwa humo. Muuzaji aliyekuuzia 41P akisema ni 50P amekupotosha kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza jambo hilo. Lakini risiti iliyoandikwa “tairi 1” haitaonyesha alikuahidi nini. Lisome tairi ukiwa bado kaunta, kabla halijafungwa, kwa kuwa likishakanyaga barabara ni vigumu kulirudisha.